Kitabu kipya cha mapishi? Anzia kwenye wali wa nazi

Ukishika kitabu kipya cha mapishi dukani, usikimbilie keki ya kwenye jalada. Tafuta chakula ambacho mkono wako umeshakizoea. Mimi hufungua wali wa nazi: mwandishi akitenganisha matui, jepesi la kuchemshia mchele, zito la kumiminia wali ukikaribia kukauka, basi huyo amepika kweli, nami nakinunua.

Halafu vipimo. Kikombe cha vitabu vya Marekani ni kama mililita 240, si kile kikombe chako kikubwa cha chai, na nyuzi 350 za ovena ni za Farenihaiti, karibu 177 za Selisiasi. Viandike vipimo hivi kwa penseli pembeni mwa ukurasa kabla hujawasha jiko.