Kompyuta Haisomi Kamera ya Darubini? Anza na Waya

Wanaoniletea kamera za darubini kibandani kwangu Kirumba, Mwanza, huingia na neno moja: "Fundi, imekufa." Naipokea, naigeuza, nachungulia tundu lake, kisha nauliza waya uko wapi. Wengi wameuacha nyumbani. Nawaambia wakaufuate, maana mara nyingi mgonjwa ndiye aliyebaki nyumbani.

Riziki yangu ni simu na kompyuta. Nyota ni starehe ya usiku, juu ya mawe ya Bwiru, na wenzangu tuliochangia darubini moja. Kwa hiyo kamera zinazogoma nakutana nazo mchana mezani, na usiku nakutana nazo gizani, ambako huna taa, huna soketi, na bando linasuasua.

Kabla hujagusa chochote, jua inagomea wapi. Kompyuta haiioni kamera kabisa? Inaiona, ila programu ya kupigia picha ndiyo haiioni? Au vyote vinaonana, unabonyeza, picha inaanza kushuka halafu inaganda? Hayo ni magonjwa matatu, na kila moja lina dawa yake. Anayeyachanganya atakesha akifuta na kurudisha draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kuelewana na kamera), kumbe waya umekatikia ndani.

Kutofautisha ni rahisi. Kwenye Windows fungua Device Manager, chomeka kamera huku macho yako kwenye orodha. Ikitokea chochote kipya, hata kama kina alama ya mshangao ya njano, mara nyingi data inapita, na tatizo limehamia kwenye draiva. Orodha isipotikisika hata kidogo, achana na draiva, rudi kwenye waya na umeme. Wa Linux waandike lsusb, amri ya kuorodhesha vifaa vya USB, kabla ya kuchomeka na baada ya kuchomeka, kisha walinganishe.

Sasa waya. Kamera nyingi za USB 3 zina tundu lenye ghorofa: chini mraba, juu yake kisehemu chembamba. Waya wa printa unaingia vizuri tu kwenye ile ghorofa ya chini, na kamera itawaka na kusomeka, ila itakwenda kwa mwendo wa USB 2. Mtu atalalamika wiki nzima kwamba kamera aliyoinunua kwa hela nyingi ni nzito, kumbe anatumia waya wa printa. Kinyume chake kipo pia: waya ni wa USB 3 na tundu la kompyuta ni la bluu, lakini umechomeka polepole kwa uoga. Pini za USB 2 ndizo zinazogusa kwanza, kompyuta inaipokea kamera kama ya mwendo mdogo na kuiacha hapohapo. Chomoa, sukuma kwa mkupuo mmoja mpaka mwisho.

Urefu nao una mpaka. Kwa USB 3, waya wa kawaida ukizidi mita 3 unajitafutia shida. USB 2 inavumilia mpaka mita 5. Kuunga nyaya mbili fupi hakukuokoi, maana kila kiungio kinapunguza nguvu ya mawimbi. Mimi naona heri kusogeza kompyuta miguuni pa darubini. Ukilazimika kwenda mbali, tafuta habu (kisanduku kinachogawa tundu moja la USB kuwa mengi) yenye umeme wake, si zile zinazonyonya kwenye kompyuta. Tundu la USB 2 linatoa miliampea 500 na la USB 3 linatoa 900. Ukigawa kiasi hicho kwa kamera kubwa, kamera ndogo ya kuongozea darubini na mota ya kufuatisha nyota, kuna atakayelala njaa.

Halafu kuna nyaya za chaji tupu, ambazo ndani yake zina nyuzi mbili tu za umeme. Zimejaa mtaani, hasa zenye vichwa vya mini na micro kama vya kamera za Canon za zamani. Kwa macho hazitofautiani na nyingine. Ujaribu kwa kuchomeka simu: ikichaji lakini kompyuta isiione kabisa, waya huo peleka chumbani ukachajie redio.

Waya unaokatika-katika unanaswa hivi. Washa kamera ioneshe picha ya moja kwa moja, mchana, ndani ya nyumba, hata ikiwa ni weupe mtupu wa ukuta. Shika waya sentimita chache kutoka kwenye kichwa, uukunje taratibu huku na huku. Picha ikipasuka mistari, ikawa nusu, au ikatoweka, umempata mwizi. Kisha fanya hivyohivyo upande wa kompyuta. Sehemu inayokufa kwanza ni pale mpira unapoishia na kichwa kuanzia, kwa sababu darubini inageuka usiku kucha na uzito wote wa waya unaning'inia pale. Tibu kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli: funga waya kwenye mwili wa darubini, acha kitanzi kidogo kati ya hapo na kamera, ili kinachovutwa kiwe ule mpira na si tundu.

Huku ziwani tuna maadui wetu. Umande unaanza kushuka mapema, na plagi ya chuma inapoa kuliko hewa, inalowa. Wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaopanda juu ya maji kama moshi, wakifika nchi kavu wanafuata mwanga wowote, na kioo cha kompyuta ndicho mwanga pekee juu ya mwamba wenye giza. Nimetoa mizoga yao kwenye matundu ya USB kwa kibano. Punguza mwanga wa kioo, weka kompyuta ndani ya boksi lililolazwa ubavu, na tundu usilolitumia liwe na kifuniko. Kikishaingia kitu, usipulize kwa mdomo, unaongeza mate. Brashi laini na spiriti ya kusafishia vinatosha, ukiwa umezima vyote.

Umeme wa kamera yenyewe watu wanausahau. Kamera zenye kipoza ndani, cha kupoza kihisi kinachopokea mwanga, zina tundu la pili, la volti 12, na kipoza kikikaza kinaweza kula ampea 3. Baadhi zinasomeka bila hizo volti 12, ila hazipoi. Nyingine hazisomeki mpaka zifike. Sisi tunatumia betri ya volti 12 ya aina wanayowashia taa wavuvi wa dagaa, na usiku wa giza ambao mwezi haupo tunakuwa kazini wote, wao majini na sisi juu ya mawe. Betri ikijaa inasoma kama 12.6. Lakini ukiunganisha kwa waya mwembamba mrefu wenye ukinzani wa nusu omu kwenda na kurudi, ampea 3 zitakula volti 1.5 njiani, na kamera itapata 11.1. Ndiyo ile kamera inayosomeka vizuri, mara unawasha kipoza, mara inapotea. Pima kwa mita kwenye kichwa cha waya upande wa kamera, kipoza kikiwa kinafanya kazi. Kupima betri ikiwa imetulia hakukuambii kitu.

Tukija kwenye draiva sitakaa sana. Iweke kwanza, chomeka kamera baadaye, na uishushe mjini kabla ya kupanda mlimani. Ukiwa na kamera ya nyota ya kampuni ya ZWO au QHY, draiva ya mtengenezaji ndiyo msingi. Ile ya ASCOM, daraja kati ya programu za nyota na vifaa kwenye Windows, inakaa juu yake, haiwi badala yake. Na programu mbili haziwezi kushika kamera moja. SharpCap, programu ya kupigia picha, ikiwa imefunguliwa nyuma, programu nyingine itakuapia kwamba hakuna kamera. Wenye Canon, ile EOS Utility, programu ya Canon yenyewe, hupenda kujifungua yenyewe ukichomeka na kuishika kamera kabla yako; ifunge. Kwenye Linux anayefanya hivyo ni gvfs, sehemu ya mfumo inayofungua vifaa vinavyochomekwa, inayodhani umeleta picha za harusi.

Zima pia tabia ya Windows ya kulaza USB. Ndani ya Power Options kuna mstari wa USB selective suspend, uzime. Kamera inayopotea kila ikipumzika kati ya picha na picha, mimi huanzia hapo. Na ukiwa unatumia intaneti ya simu, iambie Windows kwamba mtandao ni wa kulipia kwa kipimo, la sivyo itaanza kujisasisha saa sita usiku, bando liishe na diski ishikwe katikati ya kazi.

Picha zinazokwama njiani zinataka hesabu kidogo. Chukua kamera ndogo ya sayari yenye pikseli 1280 kwa 960. Kila fremu, yaani picha moja ya video, ya biti 8 ni kama megabaiti 1.2. Fremu 30 kwa sekunde ni megabaiti 37, na hapo USB 2 inakaribia kuishiwa pumzi. Ukiona idadi ya fremu zilizodondoka, yaani zilizopotea njiani, inapanda, usilaumu kamera: punguza eneo la picha. Jupita hahitaji uwanja wote huo. Pikseli 640 kwa 480 ni robo ya mzigo, na sayari bado inaenea.

Kisha tazama unakohifadhi. Kwa mwendo huohuo wa megabaiti 37, video inafika gigabaiti 4 kabla ya dakika 2 kwisha, na diski yoyote iliyofomatiwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, haipokei faili moja kubwa kuliko hapo. Rekodi inakatika palepale kila mara, na mtu anadhani ni kamera. Tumia NTFS au exFAT. Flashi za bei ya chee pia haziandiki haraka kiasi hicho. Rekodi kwenye diski ya ndani, flashi iwe ya kubebea asubuhi. Folda isiwe ile inayopandishwa mtandaoni yenyewe, na kinga ya virusi iambiwe iiruke.

Bado inaganda? Kuna kitufe cha kudhibiti kasi ya USB ndani ya mipangilio ya kamera, na hapa wengi wanageuza kinyume. Kwa ZWO, namba kubwa ni mwendo mkubwa. Ishushe kuelekea 40 ikiwa kamera inakatika. Kwa QHY, ile USB Traffic ikipanda ndipo mwendo unapopungua. Aliyesoma maelekezo ya mwenzake mwenye kamera ya kampuni nyingine atakuwa anamwagia moto petroli.

Kamera za kawaida za Canon na Nikon zina huruma moja: kadi. Ukiruhusu programu ihifadhi kwenye kadi na kwenye kompyuta kwa pamoja, waya ukikatika picha zako zipo. Zima kujizima kwa kamera, zima Wi-Fi yake, na weka betri iliyojaa, kwa sababu betri ikichoka huanza kusumbua kwenye kutuma picha kabla haijaonyesha alama nyekundu.

Ukishajaribu nyaya mbili zilizothibitishwa na kompyuta mbili, na orodha haitikisiki, hapo ndipo naamini kwamba kamera ina lake. Hata hapo naanzia kwenye tundu. Kamera imefungwa nyuma ya bodaboda kwenye barabara ya vumbi, plagi imesukumwa kwa nguvu gizani, na miguu ya solda imepasuka; chini ya lenzi ya kukuzia utaona duara jembamba jeusi kuzunguka pini. Kuirudishia solda ni kazi ndogo kwa mwenye mkono uliotulia. Ila fungua upande wa nyuma peke yake. Upande wa mbele, nyuma ya kile kioo, kuna kihisi kwenye chumba kilichokaushwa, na ukikifungua kwenye hewa ya Mwanza utakuwa umefungia unyevu wa ziwa humo. Kipoza kikiwaka, barafu itaota katikati ya picha. Kwa hiyo fundi akianza kufungua mbele, mwambie akurudishie kamera yako.