Kusali huku unasuka ukili

Ukitaka sala ya kimya na nyumba yako haina kimya, shika kazi ya mikono. Mimi nasuka ukili, ule ukanda unaoshonwa ukawa mkeka, hapa Malindi, barazani, tuktuk zinapita kutwa mbele yangu, na papo hapo ndipo ninaposali. Usingoje watoto walale, dada. Wakilala nawe umelala.

Loweka miyaa, yale majani ya kusukia, mapema ilainike, kisha uichane upana mmoja. Mwaa mkavu hukatika, na ukishaanza kugombana nao hakuna sala tena. Suka kwanza hivi hivi, mpaka vidole vizoee mwendo. Ndipo utie mstari: Ee Mungu, uniokoe, ee Bwana, unisaidie hima. Ni Zaburi ya 70, mwanzo kabisa.

Mstari huu tumeachiwa na Yohane Kasiano, aliyekaa na wamonaki, watawa wa jangwani, kule Misri, akaandika katika karne ya 5 mafundisho aliyoyapokea kwa Abba Isaka, mmoja wao. Nampendea jambo moja: hajifanyi malaika. Anasema mstari huu unafaa ukiwa na njaa, ukiwa na hasira, kichwa kikikuuma ushindwe kusoma, hata saa tatu asubuhi usingizi unapokuangusha uso juu ya kitabu.

Utamke polepole, kwa moyo, midomo ikitaka kucheza icheze. Usihesabu mara ngapi. Pumzi nayo iache. Kufuatanisha sala na pumzi ni mambo ya wamonaki wa Mashariki, wale wa mlima Athos, na yanataka mwalimu.

Mwaa ukikaribia kwisha utaunga mwingine. Ukishaunga, acha mstari. Vidole viendelee, wewe ukae tu mbele za Mungu bila kumwambia kitu. Mwanzoni kimya hicho hakifiki hata shibiri moja ya ukili: karo imeingia, bei ya miyaa imeingia, na yule jirani. Usibishane navyo. Rudia mstari, usuke, ungoje kuunga tena. Mimi naona sala yenyewe iko katika kimya hicho, lakini ukikilazimisha hukipati.

Akija mteja, muitikie, mpe bei, mcheke. Usimkunjie uso eti uko na Mungu.

Tena uinuke. Antoni, mmonaki wa jangwani, si yule wa Padua, alilemewa na uchovu wa moyo akamwona mtu mfano wake ameketi anasuka kamba, anasimama kusali, anaketi tena kusuka. Akaambiwa: fanya hivyo, utaokoka. Basi adhuhuri, msikiti wa mtaani ukiadhini, naweka ukili chini, nasimama, nasali Malaika wa Bwana, ile sala ya Wakatoliki ya adhuhuri, nanyoosha na mgongo.

Kushona mkeka ni kazi nyingine. Sindano inataka macho. Siku hiyo sali kabla hujaishika, basi.