Somo: Unda mwenyewe betri ya bomba la kupulizia dawa

Wakuu mwenye bomba la mgongoni la betri anajua, ile betri kavu ya volti 12 iliyokuja nalo msimu wa pili ishachoka, unapiga tanki moja la nyanya pampu inaanza kunung'unika. Yangu nimeitoa nikaunda nyingine kwa seli za LiFePO4 (aina ya lithiamu), zile nene za 32700, moja ni volti 3.2 na Ah 6, ukiunga nne unapata 12.8 na uzito haufiki kilo, ya zamani ilikuwa kilo mbili na ushee.

Nunua seli 4 mpya za aina moja, BMS (kile kibao cha kulinda betri) ya 4S, yaani ya seli nne, ya LiFePO4 (ya lithiamu ya kawaida haifai, hapo wengi wanapigwa dukani), ukanda wa nikeli na fyuzi ya ampia 10. Mita ya kupimia volti lazima uwe nayo.

1. Chaji kila seli peke yake mpaka volti 3.65. Inachosha lakini usiruke.

2. Unga chanya ya hii kwa hasi ya ile kwa mashine ya kuchomelea nikeli. Kama huna tafuta seli zenye skrubu, usije ukabandika pasi ya lehemu kwenye seli, joto linaiua.

3. Waya za BMS. Hapa ndo nilichoma ya kwanza, nilichomeka plagi bila kupima, moshi huo! Shika hasi ya mita kwenye B- (hasi ya betri nzima), gusa pini za plagi moja moja, isome kama 3.3, 6.6, 9.9, 13.2. Namba ikirudi nyuma waya umekosea.

4. Fyuzi kwenye chanya, bana na sponji isicheze, ziba maji ya dawa yasiingie.

Swali: Mkuu chaja ya zamani inafaa?
Jibu: Ipime kwanza, isizidi 14.6. Yangu ilisoma 14.4 naitumia hiyo hiyo. Zile za kufufua betri usiguse.

Swali: Nina seli za laptop bovu, vipi?
Jibu: Hizo ni 3.7, unaunga tatu na BMS ya 3S, chaja 12.6. Siku ukisahau ukachomeka ya 14.4 umebaki na BMS tu ikuokoe, mimi nyumba ina watoto sitaki.

Swali: Yangu imezima ghafla na nilichaji jana, mita inasoma sifuri
Jibu: BMS imejifunga, chomeka chaja kidogo itafunguka. Ikijifunga tena ukiwasha, huenda kosa si la betri, fungua pampu uone kama imekwama au kuna shoti.