Ngano ipi inavumilia ukame? Jinsi ya kupima mwenyewe kwa ndoo, hapa hapa Tabora

Kila nikiongelea jeni (maelekezo ya urithi yaliyo ndani ya seli) za kuvumilia ukame kwenye ngano kuna mtu lazima aulize "sasa hiyo jeni inaitwaje tuipande", kama vile ni dawa ya kununua duka la pembejeo. Ngoja nikuoneshe jinsi ya kupima ukiwa nyumbani, Isevya au Ipuli au popote ulipo, bila maabara, ukimaliza utaelewa kwanini hilo swali halina jibu la neno moja.

Anza na mbegu, na hapa ndo wengi tunaharibu. Mimi mara ya kwanza nilinunua ngano nzima sokoni, ile ya kusaga, nikapanda mwezi wa sita, ikaota vizuri mno, ikawa kichaka cha majani kama nyasi za mbuzi, mwezi wa saba majani, wa nane majani, wa tisa majani, suke hata moja hakuna. Nikajua nimekosea maji, kumbe shida ni damu yake. Kuna ngano za nchi za baridi ambazo jeni zake, zinaitwa VRN, haziruhusu mmea uchanue mpaka upitie wiki kadhaa za baridi kali, na Tabora hata kipupwe cha Juni hakifiki huko. (Ukitaka kuhakikisha, chukua mbegu zilizoanza kuchipua kidogo, zifunge kwenye kitambaa kibichi uweke kwenye friji, sio friza, wiki sita, halafu zipande. Ikitoa masuke wakati ndugu yake aliyepandwa bila friji hatoi, umeshaona jeni inafanya kazi kwa macho yako.) Kwahiyo tafuta mbegu yenye jina, aina zilizozoea kulimwa Tanzania kama Juhudi, Sifa au Chiriku. Wanaoshughulika na ngano zaidi ni vituo vya TARI, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, yaani TARI Selian Arusha na TARI Uyole Mbeya, ila sisi tuna TARI Tumbi hapa jirani, nenda ukaulize wakuelekeze. Unahitaji aina mbili tu, kiganja kimoja kimoja kinatosha.

Kidogo kuhusu kinachotokea ndani ili ujue unapima nini. Ngano ya mkate haina seti moja ya kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni) kama mpunga, ina seti za nyasi tatu tofauti zilizochanganyikana zamani, zinaitwa A, B na D, jumla kromosomu 42. Maana yake kazi nyingi zina jeni tatu tatu zinazofanana, ukiua moja mbili zinaendelea kushika doria. Ndo maana kuisoma kulichukua muda mrefu, ramani ya karibu jeni zake zote ilitoka 2018 ikaonesha jeni zaidi ya laki moja. Sasa udongo ukikauka mizizi inahisi, homoni moja inaitwa asidi ya abisisiki inapanda, vitundu vya majani vinajifunga ili maji yasitoke, halafu jeni wasimamizi kama zile za kundi la DREB zinaamka na kuamsha nyingine kibao, za kutengeneza protini zinazolinda seli zisikauke, za kukusanya prolini (kemikali ndogo inayosaidia seli kushika maji), za nta ya juu ya jani. Ni kama msiba mtaani, mmoja anapiga simu halafu kila mtu anakuja na kazi yake. Mchango wa kila jeni ni mdogo, ndo maana hakuna jeni moja ya kukutajia, na kujifunga vitundu nako kuna gharama kwasababu hewa ya kutengenezea chakula inapita hapo hapo.

Haya, ndoo. Ndoo za lita 10, toboa matundu chini, zote ziwe rangi moja na kama ni nyeusi zifukie nusu ardhini au zizungushie gunia jeupe, maana jua letu litapika mizizi na utadhani ni ukame. Udongo changanya wote kwa pamoja kwenye turubai ndo ujaze, usijaze ndoo hii leo na ile kesho kutoka shimo lingine. Kila ndoo ipate uzito sawa wa udongo mkavu. Aina mbili, ndoo nne za maji ya kutosha na nne za kiu kwa kila aina, jumla 16. Zipange kwa kura kabisa, andika karatasi uchanganye kwenye kofia, usiweke aina moja yote upande wa ukutani.

Maji usikadirie kwa kopo, pima kwa mizani ya kuning'iniza. Mfano ndoo yenye udongo mkavu ina kilo 8, ukailowesha mpaka ikachuruzika, ukaiacha usiku kucha imefunikwa, asubuhi ina kilo 10, basi udongo wako unashika kilo 2 za maji. Ndoo za kushiba zirudishe kwenye kilo 9.6 kila jioni, hiyo ni asilimia 80 ya maji, na za kiu ziache zishuke mpaka 8.8, asilimia 40, uzishikilie hapo. Inachosha, najua, ila bila hivyo mmea mkubwa utakunywa haraka kuliko mdogo na utasema mdogo ni mvumilivu, kumbe hajawahi kuona kiu.

Panda mwanzoni mwa Juni, punje nane kila ndoo, zikiota bakiza tano. Mwanzo zote zipe maji sawa. Kiu uanze lini? Watu wanaanza mche ukiwa mdogo kwasababu hawana subira. Subiri ngano ibebe mimba, yaani suke limevimba ndani ya ala ya jani la mwisho ila halijatoka, hapo chavua ndo inatengenezwa na ukame wa siku chache tu unaacha suke zuri kwa nje ila ndani halina punje. Shikilia kiu siku kumi hivi halafu rudisha maji, na andika tarehe ya kila kitu, hasa tarehe suke la kwanza lilipotoka, maana aina inayowahi inaweza kuonekana mvumilivu kumbe imekimbia tu ukame kabla haujafika. Hiyo nayo ni ya jeni na kwa mkulima ni nzuri, ila ni hesabu nyingine.

Ukibakiwa na nguvu, panda seti ya pili katikati ya Agosti, hiyo ipe maji ya kutosha yote. Itachanua Oktoba, mwezi ambao Tabora hata kuku wanahema, na hapo unapima joto peke yake. Nilishangaa kuona aina iliyoshinda kwenye kiu imeshindwa kwenye joto, ila ukifikiria inaleta maana, kwenye kiu mmea unafunga vitundu, kwenye joto unataka ufungue ujipoze kwa jasho, tena kuna protini nyingine kabisa za kulinda zile zingine zisiharibike kwa moto.

Usihukumu kwa kijani. Aina inayobaki kijani wakati jirani amenyauka inakuvutia kupiga picha, ila pima punje. Vuna kila ndoo kwenye bahasha yake, kausha, hesabu punje, pima kwa mizani ndogo ya sonara au ya duka la dawa. Tuseme aina A imetoa gramu 10 kwenye maji na 6 kwenye kiu, aina B imetoa 6 na 4.5. B imehifadhi asilimia 75 na A 60, kwahiyo kwa asilimia B ndo mvumilivu, ila kwenye kiu hiyo hiyo A bado imekupa chakula zaidi! Ripoti namba zote mbili.

Na ukiona ndani ya aina moja kuna ndoo imezidi wenzake usikimbilie kutunza mbegu zake ukidhani umepata bingwa. Ngano inajichavusha yenyewe, ndugu wote wa aina moja safi wana jeni karibu zile zile, tofauti yao ni udongo na kivuli. Johannsen, mtaalamu wa mimea wa Denmark, alionesha hilo kwa maharage mwaka 1903, alichagua kubwa na ndogo ndani ya ukoo mmoja, watoto wakatoka saizi ile ile. Ukitaka kusonga mbele lazima uchanganye aina mbili kwa mkono, kung'oa vifuko vya chavua kwa koleo ndogo, na hiyo ni kazi ya siku nyingine.

La mwisho, shomoro. Masuke yakianza kuwa na maziwa funika ndoo zote kwa chandarua kilichochakaa, zote, sio za kiu tu, la sivyo utakuwa unapima shomoro wanapenda aina gani.