Ngumi na Mateke Sebuleni: Wiki 8 za Kupunguza Uzito

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayowakatisha wengi tamaa wakiijua kwa kuchelewa. Mtu wa kilo 80 akirusha ngumi na mateke hewani kwa nusu saa, mapumziko yakiwemo, hutumia takriban kilokalori 200 hadi 280. Mara 3 kwa wiki, jumla yake haifiki 850. Kilo 1 ya mafuta mwilini ni kama kilokalori 7,700. Kwa hiyo mazoezi peke yake yanaondoa gramu 100 hivi kwa wiki, na chapati mbili za ziada kila baada ya zoezi zinafuta kazi yote. Faida ya mazoezi haya ni pumzi, miguu yenye nguvu na nusu saa isiyochosha akili. Kitambi chenyewe kinapungua pale sahani nayo ikibadilika.

Mtindo huu ulivuma miaka ya 1990 kwa jina la Tae Bo, kazi ya Billy Blanks, mwanakarate wa Marekani aliyeunganisha ngumi, mateke na muziki. Video za aina hiyo sasa zimejaa simuni. Tatizo lake ni kwamba video hukimbia na muziki, haijui goti lako limechoka. Ni heri kufanya kwa raundi, kama mabondia, ukitumia kipima muda cha simu.

Unahitaji nafasi ya mita 2 kwa 2. Sogeza meza, kisha nyoosha mikono pande zote na juu. Feni ya dari iliyo chini ni hatari. Marumaru yenye jasho huteleza, na mkeka wa plastiki huteleza zaidi, hivyo uondoe. Vaa raba zenye soli bapa. Raba za kukimbilia zenye meno makubwa hung'ang'ania sakafu wakati mwili unageuka, na anayelipia ni goti.

Jinsi ya kusimama: kama unatumia mkono wa kulia, mguu wa kushoto unatangulia. Miguu iachane upana wa mabega, isiwe kwenye mstari mmoja, la sivyo utayumba kila ukirusha ngumi. Kunja magoti kidogo, inua kisigino cha nyuma, weka ngumi mbili usawa wa mashavu na uteremshe kidevu. Katikati ya zoezi badili, mguu wa kulia utangulie kwa raundi chache, ili upande mmoja usibebe kazi yote.

Kunja ngumi dole gumba likiwa nje, juu ya vidole, na kifundo cha mkono kinyooke. Ngumi ya mkono wa mbele huenda moja kwa moja na kurudi shavuni kwa njia ileile. Ngumi ya mkono wa nyuma huanzia mguuni: kisigino cha nyuma kinageuka nje, nyonga inafuata, bega linafuata, mkono unamaliza. Nguvu nyingi hutumika hapo kwenye miguu na kiuno. Anayerusha mikono tu anachoka mabega huku mapigo ya moyo yakiwa bado chini. Usinyooshe kiwiko hadi mwisho. Hewani hakuna kitu cha kuzuia ngumi, kwa hiyo kiwiko hujigonga chenyewe, na ngumi mia kadhaa baadaye kinauma. Simamisha ngumi kabla mkono haujanyooka kabisa. Toa pumzi fupi kwa kila ngumi. Anayebana pumzi hupata kizunguzungu.

Mateke ndiyo yanayoumiza wanaoanza. Wiki 2 za kwanza tumia goti tu: inua goti hadi usawa wa kiuno huku mikono ikivutwa chini kama umeshika kitu. Wiki ya 3 ongeza teke la mbele, yaani goti kwanza, kisha mguu unanyooshwa na kurudishwa kabla ya kutua. Teke la pembeni linalozunguka lisubiri wiki ya 5. Likifika, mguu uliosimama lazima ugeuke, vidole vielekee nje. Ukiuacha umeganda sakafuni, nyonga inazunguka, unyayo haufuati, na goti linasokotwa katikati. Usirushe teke juu ya usawa wa kiuno. Mateke ya kichwani yanapendeza kwenye video, lakini kwa kupunguza uzito hayana faida yoyote ya ziada.

Fanya siku 3 kwa wiki, zenye siku ya kupumzika katikati. Pasha mwili dakika 5: tembea papo hapo, zungusha mabega na nyonga, chuchumaa na kuinuka mara 10. Wiki ya 1 na ya 2 ni raundi 6 za dakika 2, ukipumzika dakika 1 kila baada ya raundi. Wiki ya 3 na ya 4, raundi 8 za urefu huohuo. Kuanzia wiki ya 5 hadi ya 8, raundi 8 za dakika 3, mapumziko yakibaki dakika 1. Katika raundi usipige ovyo. Chagua mfuatano mmoja, mfano ngumi ya mbele, ngumi ya nyuma, goti, na uurudie. Kasi sahihi ni ile ambayo unaweza kusema sentensi fupi lakini huwezi kuimba. Siku mbili kati ya zile nyingine, tembea haraka dakika 30 hadi 40. Mwisho wa kila zoezi piga pushapu seti 2, za kuegemea ukuta kama za chini bado ngumu.

Kushika vyuma ukirusha ngumi ni kosa: uzito unavuta bega chini, hauongezi kuchoma mafuta kwa kiasi cha maana. Nguo za nailoni za kutoa jasho nazo ni hasara, kwani mzani ukishuka kilo 1 siku hiyo ni maji, na yatarudi ukinywa.

Mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo, mjamzito, au anayetumia insulini, ambayo ikichanganyika na mazoezi huweza kushusha sukari ghafla, aonane na daktari kwanza. Maumivu ya kifua yakikushika, simama na utafute msaada mara moja.

Jikoni, anzia kwenye vinywaji na mafuta. Soda ya mililita 300 ina kilokalori zipatazo 125. Kijiko 1 cha chakula cha mafuta ya kupikia kina 120 hivi, kwa hiyo pima kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye dumu. Vikombe 4 vya chai vyenye vijiko vidogo 3 vya sukari kila kimoja vinakaribia 190. Ugali si adui. Punguza robo, mboga za majani ziongezeke, na samaki au maharage yabaki palepale.

Jipime mzani mara 1 kwa wiki, asubuhi kabla ya kula, na kiuno kwa futi ya fundi cherehani kila wiki 2. Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri. Mzani ukisimama wiki 3 mfululizo na kiuno hakijapungua, rudi kwenye kijiko cha mafuta kabla ya kuongeza raundi.