Kabla ya kuchora slabu na msingi kwenye programu: vipimo vya kuwa navyo mezani, Mtwara na Lindi

Programu ya kukokotoa majengo kama SAFE, ETABS au Prokon haijui kama jengo liko Shangani, Newala au Kilwa. Itakokotoa chochote utakachoiingizia, na itakuletea picha ya rangi nzuri hata kama uwezo wa udongo, yaani mzigo unaoweza kubebwa na kila mita ya mraba, umeutoa kichwani. Kazi kubwa iko kabla ya kufungua faili, na inaanzia shimoni.

Chimba shimo la majaribio lishuke chini ya kitako cha msingi kwa angalau mara moja na nusu ya upana wa kitako chenyewe. Kitako cha mita 1.5 kinataka shimo liendelee zaidi ya mita 2 chini yake. Pwani, kuanzia Mikindani hadi Lindi mjini, unaweza kukuta mwamba wa matumbawe juu juu kwenye kona moja ya kiwanja na mchanga mtupu kwenye nyingine. Hapo usijaze thamani moja kwa jengo zima, maana nguzo zilizo juu ya mchanga zitashuka na zile za mwamba zitabaki, na modeli haitakuonyesha nyufa utakazozikuta ukutani. Udongo mwekundu wa juu Makondeni ni mgumu wakati wa kiangazi, kwa hiyo upimwe ukiwa umelowa. Ukikuta mfinyanzi mweusi mabondeni, kama kando ya Mto Lukuledi, fahamu kwamba springi, ambazo programu inazitumia kuwakilisha udongo chini ya msingi, hazina habari ya udongo unaovimba. Utoe, ujaze kifusi kizuri na kukishindilia, au ushuke chini yake.

Ukishapata uwezo wa udongo, unahitaji ugumu wa springi. Kanuni ya haraka iliyozoeleka ni kuzidisha uwezo salama kwa 120, ikiwa kigezo cha usalama ni 3 na mshuko unaokubalika ni milimita 25 hivi. Udongo wa kN (kilonyutoni) 150 kwa mita ya mraba unakupa 18,000 kN/m³. Makosa mengi ya vizio hutokea hapahapa. Ukiandika 18 badala ya 18,000, msingi unashuka mita 8. Ukiandika 18,000 huku programu imewekwa kwenye N na mm (nyutoni na milimita), jengo linakaa kana kwamba liko juu ya chuma. Gawanya mwenyewe: 150 kwa 18,000 ni milimita 8 na kidogo. Modeli ikikupa kitu cha mbali na hapo, acha kuendelea. Halafu endesha tena kwa nusu ya thamani hiyo na kwa mara mbili yake, kwa sababu kanuni hii ni ya makadirio. Nondo zikibadilika sana, rudi ukapime udongo vizuri zaidi.

Mizigo iandikwe kwenye karatasi kwanza. Slabu ya milimita 150 ina uzito wa kN 3.75 kwa mita ya mraba. Ongeza 1 hadi 1.5 ya sakafu na plasta. Angalia kama programu inajumlisha uzito wa zege yenyewe, vinginevyo utauhesabu mara mbili au usiuhesabu kabisa. Ukuta wa bloku za inchi 6 wenye kimo cha mita 3 na plasta pande zote ni karibu kN 10 kwa kila mita ya urefu. Uweke kama mstari pale ulipo.

Ghala la korosho linataka umakini wa peke yake. Viwango vya zamani vya Uingereza vinatoa kN 2.4 kwa kila mita ya kimo cha mzigo kwa ghala la kawaida, na wengi huishia hapo. Korosho ghafi zina karibu kilo 600 kwa mita ya ujazo, yaani takribani kN 6. Magunia yakipangwa mita 4 sakafu inabeba karibu kN 24 kwa mita ya mraba, si 9.6. Tena usilijaze ghala lote kwenye modeli ukadhani ndiyo hali mbaya zaidi. Magunia yakikaa pande mbili na njia katikati ikabaki tupu, uso wa juu wa slabu unavutwa kwenye njia hiyo, na ufa unatokea pale panapopita mikokoteni. Chora mafungu na njia zake.

Paa la ghala ni bati na chuma, jepesi. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilitukumbusha kwamba upepo wa pwani hii si wa kupuuzwa. Weka mchanganyiko wa mizigo ambamo uzito wa jengo ni mdogo na upepo unainua, na springi ziwe za kubana tu, zisivute. Ukishaziweka hivyo, kila mchanganyiko lazima uendeshwe kama kesi yake, kwa kuwa majibu ya kesi tofauti hayajumlishwi tena.

Upana wa kitako unatokana na mizigo halisi, nondo zinatokana na mizigo iliyozidishwa kwa vigezo vya usalama. Ukichanganya hayo mawili, kitako kinakuwa kikubwa bila sababu au, vibaya zaidi, nondo zinakuwa chache.

Kifuniko cha zege, yaani unene wa zege unaofunika nondo, kisiachwe kama programu ilivyokuja nacho. Kwa hewa ya chumvi, Eurocode 2, kiwango cha Ulaya cha zege, inakufikisha milimita 45. Chini ya msingi, zege likimwagwa moja kwa moja juu ya udongo, ni 75. Slabu ya 150 yenye nondo za 12 na kifuniko cha 20 ina kina cha kazi (toka katikati ya nondo hadi uso wa upande wa pili) cha 124. Kwa kifuniko cha 45 kinabaki 99. Tofauti hiyo ni nondo nyingi, au slabu nene zaidi.

Wavu, yaani vipande ambavyo programu inaigawa slabu, uwe wa nusu mita au chini. Usisome momenti (nguvu ya kupinda) kwenye nukta ya katikati ya nguzo: kadiri unavyozidi kuukaza wavu ndivyo inavyopanda. Soma kwenye uso wa nguzo, kwa wastani wa ukanda. Nguzo kutoboa slabu kuhesabiwe kwa mkono angalau kwa nguzo ya kona na ya ukingoni. Mwisho, jumlisha nguvu za udongo zote na uzilinganishe na karatasi yako ya mizigo. Zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 2, kuna ukuta umeusahau au mzigo umeingia mara mbili.