Jinsi ya kusoma Hammurabi na Gilgamesh ukiwa na Biblia au Qurani pembeni

Wengi wetu tukisikia Babeli tunakumbuka mnara, Nebukadneza na "jicho kwa jicho", basi. Alafu mitandaoni kuna ubishi usioisha, huyu anasema Musa alikopi kila kitu kwa Hammurabi, mfalme wa kale wa Babeli aliyeacha sheria zilizoandikwa kwenye jiwe, yule anasema hayo mambo ya wapagani usiyaguse kabisa, na wote wawili ukiwabana unakuta hawajazisoma hizo sheria zenyewe. Inaniuma kwa kweli, maana maandishi yapo, sio marefu, na tafsiri za Kiingereza zinapatikana bure. Kwahiyo ngoja nielekeze namna ya kuyasoma mwenyewe, na kitu kikubwa ninachotaka ushike ni kimoja: kufanana utakuona haraka tu, kazi yako ni kutafuta wapi wanaachana.

Unahitaji tafsiri ya sheria za Hammurabi, tafsiri ya Gilgamesh (shairi refu la kale la Babeli kuhusu mfalme wa jina hilo), kitabu chako cha dini na daftari. Kwa sheria, tafsiri inayosambaa zaidi ni ya L. W. King ya mwaka 1910 kwa sababu haina tena hakimiliki. Inafaa kuanzia ila ni ya zamani, mfano sheria ya 198 wameandika dhahabu wakati faini yenyewe ni ya fedha, na kwenye kopi zake nyingi za mtandaoni namba 13 imerukwa, watu wakatunga stori kwamba Wababeli waliogopa 13. Jiwe lenyewe halina namba hata moja, namba 282 tunazotumia ziliwekwa na wasomi baada ya jiwe kupatikana.

Usianze na sheria namba 1. Anza na utangulizi kisha ruka moja kwa moja mpaka hitimisho, ndo utajua Hammurabi, aliyetawala kama 1792 hadi 1750 KK, alikuwa anataka nini. Anasema kaweka maneno haya ili mwenye nguvu asimdhulumu mnyonge, yatima na mjane wapate haki, na mtu aliyeonewa aje mbele ya jiwe asomewe kesi yake moyo utulie. Tafuta na picha ya jiwe, lipo Louvre kule Paris, urefu mita 2.25, juu kabisa mfalme kasimama mbele ya Shamash, mungu wa jua na haki, aliyeketi. Angalia vizuri sehemu ya chini, kuna safu zimefutwa. Mfalme wa Elamu, Shutruk-Nahhunte, alilibeba jiwe kama nyara karne ya 12 KK akalipeleka Susa, ambayo leo ipo Iran, na Wafaransa wakalikuta hukohuko 1901 na 1902. Kwa sababu ya safu hizo zilizofutwa, sheria za 66 mpaka 99 zina mapengo na zimejazwa kwa kutumia vibao vya udongo vilivyonakiliwa kwingine.

Hapohapo andika tofauti ya kwanza kwenye daftari: Hammurabi anasema miungu imempa kazi ya kuleta haki, lakini sheria anaziita zake yeye. Kwenye Kutoka, kitabu cha pili cha Biblia, anayezungumza ni Mungu mwenyewe. Kama hujaliona hili hutaelewa kwanini adhabu zinaachana mbele ya safari.

Sasa fungua sheria ya 250 hadi 252, na pembeni Kutoka 21:28 hadi 32. Hapa usiwe na haraka, soma mstari kwa mstari. Hammurabi anasema ng'ombe akimpiga mtu pembe njiani akafa, hakuna madai. Lakini kama ng'ombe anajulikana ni mkali, watu wa mtaa wameshamwonya mwenyewe, na hakumfunga wala kuzifanyia kitu zile pembe, akiua mtu huru mwenye ng'ombe analipa nusu mina ya fedha, akiua mtumwa theluthi ya mina. Mina na shekeli ni vipimo vya uzito, na mina moja ni shekeli 60, kwahiyo ni 30 na 20. Nenda Kutoka: ng'ombe yuleyule, onyo lilelile, mtumwa yumo pia na bei yake ni shekeli 30. Ila tazama kinachotokea kwa ng'ombe! Babeli hakuna anayemgusa, kesi ni ya fedha tu. Kwenye Torati anapigwa mawe na nyama yake hailiwi, na mwenye ng'ombe aliyeonywa naye anastahili kufa ingawa anaweza kujikomboa kwa fidia. Yaani kesi ni ileile, lakini damu ya mtu imepewa uzito mwingine kabisa. Mi nikiambiwa nichague sehemu moja tu ya kumwonesha mtu urithi wa Babeli ulivyo, ningechagua hii.

Ukitaka kwenda mbele zaidi tafuta sheria za Eshnunna, mji mwingine wa hukohuko Mesopotamia na ni za zamani kidogo kuliko Hammurabi. Sheria yake ya 53 inasema ng'ombe akimuua ng'ombe mwenzake, wenyewe wanagawana bei ya aliye hai na mzoga wa aliyekufa. Linganisha na Kutoka 21:35. Ndo utaona kwanini neno "kukopi" halitoshi, hizi kesi zilikuwa mali ya eneo zima, mahakimu na waandishi walizifundishana karne na karne.

Kwenye "jicho kwa jicho" usiishie sheria ya 196. Ya 196 ni jicho la mtu wa tabaka la juu, ya 198 ni jicho la mtu wa kawaida na analipwa mina moja ya fedha, ya 199 ni mtumwa na analipwa nusu ya bei yake. Alafu ujue sheria za Ur-Nammu, mfalme wa mji wa Ur kama miaka 300 kabla, zilikuwa zinatoza faini kwa majeraha ya namna hii, kwahiyo ile hadithi kwamba binadamu alianza na kisasi akastaarabika mpaka faini haikai sawa. Soma pia ya 48, mwenye deni ambaye mafuriko au ukame umemmaliza shamba halipi mwaka huo wala riba, na ya 117, mke au mtoto aliyetolewa kwa ajili ya deni anatumika miaka 3 na wa 4 anaachiwa. Kumbukumbu la Torati 15:12 inasema miaka 6.

Angalizo moja: kesi za zama zile zimebaki kwenye vibao vingi sana na karibu hakuna hakimu anayetaja jiwe la Hammurabi. Usiseme "Babeli kila fundi aliyejenga nyumba ikaanguka ikamuua mwenye nyumba aliuawa". Sema sheria ya 229 inasema hivyo.

Ukimaliza hapo hamia Gilgamesh, kibao cha 11, gharika. Weka Mwanzo 6 hadi 8, na kwa Waislamu Sura Hud aya 25 hadi 49. Chora safu tatu, fuatilia ndege. Utnapishtim, yaani Nuhu wa Gilgamesh, anatoa njiwa, kisha mbayuwayu, kisha kunguru asiyerudi. Nuhu anaanza na kunguru. Qurani ndege hawapo kabisa, ila kuna mtoto wa Nuhu anayegoma kupanda na kuzama, na hilo Mwanzo haina. Sababu ya gharika itafute kwenye Atrahasis, shairi lingine la Babeli: watu walizidi kelele, mungu Enlil akakosa usingizi. Kwenye Mwanzo ni uovu na dhuluma. Na kwenye hadithi ya Babeli, baada ya maji kupungua miungu wenye njaa wanaikusanyikia sadaka kama nzi, huo mstari usiuruke.

Ushauri wa Siduri, mwanamke muuza pombe, kwa Gilgamesh, kula, vaa nguo safi, oga, mshike mtoto mkono, mfurahishe mkeo, upo kwenye toleo la zamani tu, kwenye lile refu la vibao 12 hutaupata. Hivyo chagua kitabu kilichoweka matoleo yote mawili, kisha usome na Mhubiri 9:7 hadi 9.

Kila unachonakili andika namba ya sheria au kibao na mstari, na jina la mtafsiri, ili mtu akikubishia mfungue wote ukurasa mmoja.